Mama Anastasie Mauwa na Swali la Saba

Mama Anastasie Mauwa anastaafu leo, Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, baada ya kuitumikia Ofisi ya Kusindikiza Biashara Ndogo ya Kasongo kwa miaka ishirini na moja na miezi minne. Aliingia kazini Aprili 2004 akiwa na mkoba mweusi, miwani ya kusomea na kalamu yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba kalamu za ofisi haziandiki. Leo anatoka na mkoba uleule. Kalamu za ofisi bado haziandiki.

Bwana Mkurugenzi, Papa Octave, aliagiza wasifu huu uandikwe na mtu anayemfahamu mstaafu vizuri. Wenzetu wenye shahada walitazamana, kisha wote wakanitazama mimi, dereva wa pikipiki. Nimembeba Mama Anastasie tangu mwaka 2008. Sauti yake naijua kuliko uso wake, maana muda wote huo alikuwa nyuma yangu akinifundisha kuendesha. Mtakapoona sifa zimezidi, mnisamehe. Mtakapoona zimepungua, mjue hapo nilikuwa nakwepa shimo.

Kwa wageni waliokuja leo kwa ajili ya wali na hawajui sisi tunafanya nini, nieleze kwa ufupi. Wako wafadhili wanaotoa ruzuku, yaani fedha anazopewa mwenye biashara ndogo bila kudaiwa azirudishe, ili anunue mashine, mtumbwi au cherehani. Ili azipate, lazima ajaze fomu ya maswali kumi na mawili, dosie yake, yaani faili la maombi, ipelekwe Kindu, na kamati ya huko iisome na kuamua. Watu wetu wanajua kuvua, kushona na kukamua mawese. Maswali ya fomu hawajawahi kuulizwa hata na wakwe zao. Kazi ya Mama Anastasie ilikuwa kukaa nao mpaka fomu ijae, na kwa kuwa kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimsikiliza kila mwombaji huku akimtazama kwa jicho la kusahihisha daftari.

Dosie yake ya kwanza iliyopita ilikuwa ya Papa Gaston, mvuvi wa Nyangwe aliyeomba mtumbwi mkubwa. Swali la tatu liliuliza: wateja wako ni akina nani? Kamati ilitaka jibu la mstari mmoja, tuseme wanawake wa sokoni na wasafiri wa mtoni. Papa Gaston aliwataja wateja wake kwa majina, na majina ya baba zao, na vijiji walikooa. Walifika watu mia mbili na kumi na wawili. Mama Anastasie, ambaye bado alikuwa mgeni kazini, aliwaandika wote kwa mwandiko mzuri. Kindu wakajibu kwamba orodha ipunguzwe.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Papa Gaston aliuliza, "Nimufute nani sasa? Huyu anakulaka samaki yangu tangu baba yake iko muzima!" Alibembelezwa wiki nzima. Mwishowe alikubali, ila kwanza akazunguka Nyangwe siku tatu, nyumba kwa nyumba, akiomba radhi kwa kila mtu aliyefutwa. Mtumbwi aliupata. Alipata pia wateja wapya zaidi ya thelathini, watu waliokuja wamenuna kuuliza kwa nini majina yao hayakuwemo tangu mwanzo.

Yuko pia Kamaldine, fundi wa baiskeli hapa Kasongo. Fomu ilitaka picha ya mwombaji akiwa kazini. Mama Anastasie alipofika na simu yake kupiga picha, Kamaldine alikuwa amevaa koti la harusi, tai, na kitambaa cheupe mfukoni, amesimama katikati ya magurudumu yaliyooshwa kwa sabuni. Alimsihi avae nguo za kazi. Kamaldine akamwambia kwamba picha ile itatazamwa na watu wakubwa, na yeye hawezi kuonekana mbele ya wakubwa akiwa mchafu, mama yake mzazi angesemaje. Kamati iliandika chini ya dosie: mwombaji haonekani kuwa na uhitaji. Mwaka uliofuata Mama Anastasie alimnyemelea saa tatu asubuhi, akampiga picha akiwa chini ya baiskeli, miguu tu inaonekana. Ruzuku ikatoka. Kamaldine alipokea mashine ya kulehemu, lakini picha ile hajamsamehe hadi leo.

Sasa nifike kwenye swali la saba, kwa kuwa ndilo lililomfanya Mama Anastasie ajulikane mpaka Kindu.

Swali lenyewe linasema: taja hatari zinazoweza kuikumba biashara yako. Aliyelitunga aliona ni swali jepesi. Kwetu, kutaja ubaya juu ya kitu chako ni kuuita uje. Anayejenga nyumba hasemi itaanguka, na mwenye mbuzi hasemi watakufa. Kwa hiyo Wakristo waliandika "Hakuna, Mungu yupo," na Waislamu wakaandika "Hakuna, inshallah." Mfugaji mmoja wa njia ya Kabambare, alipoulizwa kama mbuzi zake zinaweza kuugua, aliinuka akaenda kusimama kati ya Mama Anastasie na zizi. "Mama, unaniombea mubaya kwa nini? Miye nilikukosea wapi?" Tuliondoka pale bila hata kupewa maji. Kamati ilisoma majibu ya namna hiyo ikaandika kwamba waombaji wa Kasongo na Kabambare hawaoni mbele, na mwaka ule karibu dosie zote zilirudi.

Dawa ilipatikana mwaka 2011, na mimi nilikuwepo. Naomie, mshonaji wa soko la Kasongo, naye alikuwa ameandika "Hakuna." Mama Anastasie alitoka nje amechoka, akaketi kwenye benchi la Ismaël, mshonaji wa kibanda cha pili, akamuuliza tu, kwa kujipumzisha, kama kazi ya Naomie inaweza kupata shida siku moja. Ismaël aliweka mkasi chini. Alizungumza saa moja na nusu bila kumeza mate. Alijua cherehani ya Naomie inaruka mshono upande gani, bati linavuja juu ya kitambaa cha nani, na wanafunzi wangapi watamwacha akichelewa tena kushona sare. Mama Anastasie aliandika kila neno. Naomie akapata ruzuku, na kamati ikasifu uchambuzi wake wa kina.

Tangu siku hiyo swali la saba lilijazwa kwa mshindani wa mwombaji. Wivu ulikuwa umekaa sokoni bure miaka yote, Mama Anastasie akauajiri. Papa Octave alipinga mwanzoni. Alisema siri za mwombaji hazitolewi kwa jirani. Mama Anastasie akamjibu kwamba Kasongo nzima inazijua siri hizo, na asiyezijua ni kamati peke yake.

Alijiwekea masharti mawili. La kwanza, chini ya majibu aliandika daima jina la aliyeyatoa, kwa sababu hataki uongo hata wa nusu mstari. La pili, mwombaji haonyeshwi yaliyosemwa juu yake. Sharti hili lilikuja baada ya wakamuaji wawili wa mawese kugombana mbele yetu mpaka mkoba mweusi ukaangukia ndani ya pipa. Ngozi yake inang'aa mpaka leo, mnaweza kuitazama mtakapompa mkono.

Kwa njia hiyo zilipita dosie mia tatu arobaini na moja. Niliandika namba hiyo wiki mbili zilizopita, nikafunga wasifu, nikampelekea Papa Octave. Alinirudishia tarehe 18, kwa sababu siku hiyo ilifika barua ya kamati kuhusu dosie ya Rachelle.

Rachelle anaoka mikate Kabambare. Ni mjane mwenye watoto wanne, na tanuru lake ni la udongo wa kichuguu, pembeni ya soko, mahali ambapo madereva wa Salamabila hujaza magunia ya mikate kabla ya kuwapelekea wachimba dhahabu. Alikuwa anaomba tanuru la matofali na mashine ya kukandia. Kanuni ya wafadhili inasema mtu anaruhusiwa kuomba mara tano, basi. Yeye alikuwa amekwisha kukataliwa mara nne.

Mara ya kwanza dosie ilianguka mtoni ikiwa tayari imepewa namba, kwa hiyo ikahesabiwa. Niliyeiangusha ni mimi, niseme wazi hapa mbele ya wote. Mama Anastasie alishuka majini mpaka kifuani kuitafuta, na alipotoka aliniambia, "Faradji, miye naweza lowana. Dosie hapana." Baada ya hapo mkoba ulivalishwa mifuko miwili ya plastiki, na mimi nikakatazwa kupiga miluzi nikivuka daraja. Mara ya pili Rachelle alipigwa picha na nguo za Pasaka. Mara ya tatu swali la saba lilibaki tupu. Mara ya nne alilijaza kaka yake, Musafiri, aliyeandika kwamba hatari iliyopo ni dada yake kuwa tajiri kupita kiasi. Kamati haikucheka.

Mtasema, kwa nini halikujazwa na mshindani? Mshindani yuko mmoja tu, Faridah, na tanuru lake liko hatua hamsini kutoka kwa Rachelle. Hao wawili waliwahi kuoka pamoja kwenye tanuru moja. Halafu siku moja msibani, mbele za watu, Rachelle alisema kwamba mkate uliokandwa na Faridah hauteremki bila chai. Alisema ni utani. Faridah alinawa mikono, akaenda kujijengea tanuru lake, na kwa miaka sita hawakusalimiana. Kabambare ni mji mdogo, mjue. Kuishi miaka sita bila kusalimiana hatua hamsini ni kazi inayohitaji bidii ya kila siku.

Mwezi wa sita mwaka huu, dosie ya tano na ya mwisho ilipofunguliwa, Mama Anastasie alimwambia Rachelle kwamba safari hii swali la saba linakwenda kwa Faridah. Rachelle alifuta unga mikononi. Kisha akasema, "Enda. Lakini usimuambie asante."

Tukaenda. Nilikuwa nimeshika mwavuli kwa ajili ya jua. Faridah alisikiliza swali mpaka mwisho, akavuta kigoda, akauliza, "Karatasi iko ngapi?"

Alitaja hatari kumi na tisa. Alisema mdomo wa tanuru la Rachelle unatazama upepo, ndiyo maana mikate ya kushoto inaungua. Alisema ananunua kuni mbichi kwa binamu yake kwa kuwa anaona haya kumkataa. Alisema anawahudumia madereva wa Salamabila kwanza, na wenyeji wakifika wanakuta mikate iliyopasuka. Alifika kwenye chumvi. "Juma tatu mukate yake iko na chumvi mingi. Siku hiyo ndio anagombanaka na shemeji wake, mukono unakuwa muzito." Mama Anastasie, bila kuinua kichwa, akamuuliza anajuaje ya Jumatatu. Faridah akatazama pembeni. "Nakulaka kila siku," akasema. "Natumaka mutu."

Mwavuli ulinishuka. Mama Anastasie aliendelea kuandika.

Hatari ya kumi na tisa niliisikia kwa masikio yangu na ninaiweka hapa kama ilivyo. "Anakanda peke. Mukono wake wa kuume unamuuma tangu mwaka jana, lakini hasemi kwa mutu. Akianguka, tanuru itakufa. Na miye nitakula nini?"

Dosie iliondoka na majibu hayo, na jina la Faridah chini yake kama kawaida. Barua ya tarehe 18 Agosti ilileta jibu la kamati. Walisema hawajawahi kusoma swali la saba la namna ile. Ruzuku imekubaliwa, kwa masharti: hatari ya kumi na tisa iondolewe kwa kumwingiza kwenye mradi mwoka mikate wa pili, na kwa maoni ya kamati mwoka mikate huyo awe yeye aliyezitaja hizo hatari, kwani inaonekana anaipenda sana biashara hiyo. Wote wawili watie saini, saini zigongewe muhuri na mfanyakazi aliyeianzisha dosie, na nakala ifike Kindu kwa simu kabla ya saa sita mchana ya tarehe 29. Vinginevyo dosie inafungwa, na Rachelle hana mara ya sita.

Mfanyakazi aliyeianzisha ni Mama Anastasie, na tarehe 29 ndiyo leo. Muhuri wake ulikuwa umebakiwa na siku kumi na moja za kuishi.

Papa Octave alimshauri atume barua. Alimkumbusha kwamba ana miaka sitini na mitano, na kwamba nguo ya sherehe haijashonwa. Mama Anastasie alikuwa tayari anavalisha mkoba mifuko yake ya plastiki. Tuliondoka Ijumaa iliyopita. Daraja moja la miti lilikuwa limekatika, tukalala kijijini kwa watu, tukaingia Kabambare Jumamosi jioni tukiwa na rangi ya barabara kuanzia nyusi mpaka viatu. Jumapili hakuna mtu wa kumwambia jambo la namna ile. Kazi ilianza Jumatatu, siku ya chumvi.

Rachelle alikataa. Faridah alikataa zaidi. Rachelle alisema yeye hawezi kuweka jina lake karibu na la mtu aliyemtangazia kasoro Kindu nzima. Faridah alisema ameulizwa hatari akajibu, hakuulizwa kama anataka kufanya kazi na hatari yenyewe. Mama Anastasie alikwenda kwa huyu akarudi kwa yule, hatua hamsini kwenda na hamsini kurudi, mimi nikimfuata na mkoba. Nilihesabu safari kumi na moja. Watu wa soko waliacha kuuza ili watazame. Kwenye safari ya tisa muuza karanga mmoja alituletea viti viwili, akaviweka katikati ya njia, kila upande hatua ishirini na tano, tupumzike.

Saa tisa alasiri Mama Anastasie alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu siku ya pipa la mawese. Alivunja sharti lake la pili. Alimkalisha Rachelle ndani, akavaa miwani, akamsomea majibu ya Faridah, moja baada ya jingine. Kwenye upepo Rachelle alikunja uso. Kwenye kuni za binamu alisema huo ni uongo, halafu akasema si uongo sana. Kwenye chumvi ya Jumatatu alisimama, mimi nikajisogeza mlangoni. Mama Anastasie hakuacha kusoma. Aliposoma "Nakulaka kila siku," Rachelle aliketi tena.

"Mukate yangu?" akauliza.

Mama Anastasie akamwambia ndiyo, yake.

"Anatumaka nani?" Akafikiri kidogo, kisha akapiga paja. "Yule mama wa mikate miwili! Kila asubui mikate miwili, na anaishi peke! Nilisema huyu mama anakulaka namna gani!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Anastasie alingoja amalize, akamsomea ya kumi na tisa. Rachelle hakucheka tena. Aliuficha mkono wa kulia chini ya kitenge, akakaa hivyo, na mimi nikatoka nje kutazama matairi, ingawa matairi yalikuwa mazima.

Jioni ile kila mmoja alikubali, kwa sharti. Rachelle alisema atatia saini ikiwa Mama Anastasie atakaa Kabambare mwaka mzima, kati yake na Faridah, aamue maneno yakitokea. Tulitembea hatua hamsini kumpelekea Faridah habari hizo. Kabla hatujafungua mdomo, Faridah alisema atatia saini, lakini Mama Anastasie asirudi Kasongo kukaa. "Aishi hapa, mwaka moja, katikati yetu. Bila yeye, hapana." Ni jambo la kwanza ambalo hao wanawake wamekubaliana tangu msiba ule, na walikubaliana bila kuulizana.

Hapa lazima mjue Mama Anastasie alikuwa amepanga nini. Ana nyumba ya matofali hapa Kasongo, mtaa wa juu, yenye baraza aliyoijenga kwa miaka tisa. Binti yake Estelle amemletea kiti cha kuegemea kutoka Kindu. Mwezi mzima wa saba alikuwa akitwambia ofisini kwamba ikifika tarehe 30 Agosti ataketi kwenye kiti kile, na kwamba mtu yeyote atakayemtajia pikipiki atamwagiwa maji. Alisema barabara ya Kabambare imemla mifupa ya kutosha na iliyobaki ni yake. Tulicheka, lakini alikuwa anasema kweli. Magoti yake nayajua, mimi ndiye niliyekuwa namshusha.

Nilimwangalia pale kwa Faridah. Aliomba maji, akanywa kikombe chote. Aliuliza kama kuna chumba, Faridah akasema kipo. Aliuliza kama kina dirisha. Kisha akamwambia Faridah, kwa sauti yake ya shuleni, kwamba mikate miwili kwa siku ni mingi kwa mtu mmoja, na kwamba kuanzia sasa mkate wa Rachelle atakwenda kuununua mwenyewe, kwa miguu yake, akisalimia. Jumanne asubuhi Faridah alivuka hatua hamsini. Alisema "Jambo, Rachelle." Rachelle alisema "Jambo." Soko zima lilisikia, na muuza karanga alikuja kuchukua viti vyake.

Walitia saini pale pale juu ya meza ya unga. Mama Anastasie aligonga muhuri, akapuliza wino ukauke, na akatia saini yake mwenyewe mahali pa msuluhishi, kwa mwaka mmoja. Nakala ilipokewa Kindu jana saa nane mchana tulipofika Kasongo na kupata mtandao. Asubuhi hii wamejibu kwamba dosie imepita. Ni ya mia tatu arobaini na mbili. Papa Octave aliisoma barua hiyo kwa sauti, akaishia katikati, akasema vumbi limemwingia machoni. Vumbi liko barabarani, Bwana Mkurugenzi, ofisini tunafagia.

Mama Anastasie, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante. Asante kwa wavuvi, washonaji na wakamuaji ambao leo wana kitu mkononi kwa sababu ulikaa nao mpaka fomu ijae. Asante kwa kutufundisha kwamba hata mtu mwenye chuki anaweza kuwa na habari za kweli. Mimi ninakushukuru kwa kila ulichonikaripia, hasa nilipokuwa na makosa, na nasema bila aibu kwamba nitakukosa sana. Njia itakuwa na utulivu ambao sikuuomba.

Papa Octave ameuliza ni nani aliyeidhinisha safari ya kesho kwenda Kabambare, kwani kuanzia jioni hii Mama Anastasie si mfanyakazi wetu, na pikipiki ya ofisi haibebi wasio wafanyakazi. Hakuna aliyeidhinisha. Pikipiki nimeiazima kwa shemeji yangu, na mafuta nimeyanunua mwenyewe. Kiti cha Estelle nimekwisha kukifunga nyuma, kwa kamba mpya.

Upumzike vizuri, Mama, uwe na afya, na siku zako za Kabambare ziwe za amani na kicheko. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa mlangoni kwako.

Faradji, dereva